Maswali ya Wasomaji: Kitongoji kimekua, korongo nalo limekua

Wataalamu, salaam. Kitongoji chetu kiko kwenye mteremko. Zamani tulikuwa na nyumba 8 za tembe, leo ziko 40, zote za bati. Njia ya ng'ombe inayoshuka mtoni imegeuka korongo. Tumelijaza viroba vya mchanga, mvua ya kwanza ikavizoa vyote. Tumekosea wapi? — *Msomaji, Chamwino*

Ndugu yetu, korongo liko chini lakini chanzo chake kiko juu, kwenye mabati. Tembe lina udongo darini. Mvua ndogo hulowea humo kwanza. Bati halinywi hata tone. Paa la mita 6 kwa 8 ni mita za mraba 48, na mvua ya milimita 30 ikilipiga humwaga lita 1,440. Kwa nyumba 40 ni lita 57,600, bado hujahesabu nyua zilizofagiliwa hadi zikawa kama sakafu. Maji hayo hufuata njia iliyonyooka kuteremka, na njia hiyo mifugo imeshaichimba tayari.

Kwa hiyo anzeni juu. Njia ya mifugo ihamishwe, ishuke kwa mshazari. Kila nyumba ifunge gata. Asiye na tangi aelekeze maji kwenye shimo la mita 1 kila upande, walau mita 3 kutoka kwenye msingi (lifunikwe, watoto wasitumbukie), kisha apande mpapai upande wa chini.

Halafu chimbeni mtaro juu ya kichwa cha korongo, ukikingama mteremko: kina sentimita 50, upana 60, udongo utupwe upande wa chini. Ndani ya mtaro acheni vizibo vya udongo kila mita 5 hadi 10, ili sehemu moja ikipasuka maji ya mtaro mzima yasikimbilie hapo. Mtaro uwe sawa mwanzo hadi mwisho. Usawa huo msiupime kwa macho, macho hudanganya. Fungeni miti miwili ya mita 2 kama herufi A, wekeni mti wa kukingama katikati, na kutoka juu ning'inizeni kamba yenye jiwe. Simamisheni fremu, wekeni alama kamba inapogusa mti wa kukingama. Geuzeni miguu ibadilishane nafasi palepale, wekeni alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa: kamba ikitulia hapo, miguu yote miwili iko kwenye kimo kimoja.

Sasa ndipo mshuke korongoni na mawe, mjenge vizuizi vya kukatisha njia ya maji. Kizuizi kisizidi mita 1 kwenda juu, na ncha zake zichimbiwe ndani ya kingo sentimita 50 kila upande. Katikati kiwe chini kuliko pembeni, maji yapite hapo. Hapa ndipo wengi hukosea: kizuizi kikiwa na kimo kimoja kutoka ukingo hadi ukingo, maji hukizunguka na kula ukingo, na korongo linapanuka kuliko mwanzo. Kitako cha kizuizi cha juu kiwe sawa na kilele cha kile cha chini yake. Mbele ya kila kimoja tandazeni mawe, maji yanapoangukia yasichimbe. Viroba jua la Dodoma huvila. Vinafaa kwa dharura tu. Kingoni pandeni mkonge au minyaa, maana mbuzi hawaitaki.

Udongo unaotoka huko haupotei hewani. Bwawa la Ikowa, huko huko Chamwino, lilijengwa miaka ya 1950 na limejaa tope la miteremko ya namna hiyo.

Tangu malori ya mchanga yaanze kuja mtoni kwetu, visima vya mchangani vinakauka mapema. Viongozi wanasema ni ukame tu. — *Msomaji, Bahi*

Ukame upo, lakini mchanga ndio tangi lenu. Mchanga mkubwa hushika maji karibu robo ya ujazo wake. Lori la tani 7 hubeba takriban mita za ujazo 4, yaani nafasi ya lita 1,000 hivi imeondoka, na mvua ijayo haitakuwa na pa kukaa. Tena mchanga ni kivuli: maji yaliyo chini ya sentimita 60 jua haliyafikii kirahisi. Ukichotwa hadi kwenye mwamba, yanayobaki huanikwa. Mkutano mkuu wa kijiji utenge sehemu za visima zisiguswe kabisa, na kwingine uweke kikomo cha kina.

Kuni zimekuwa mbali. Tupande miti gani? — *Msomaji, Kongwa*

Kabla ya kununua miche, angalieni mashambani: visiki bado viko hai. Chagueni machipukizi 3 hadi 5 yaliyonyooka kwenye kila kisiki, mengine kateni kwa panga kali (hizo ndizo kuni za kwanza), pogoeni matawi ya chini, kisha fungeni kitambaa ili mlimaji na mchungaji wajue kisiki kina mwenyewe. Rudieni kila baada ya miezi michache. Mche huanza na mizizi midogo. Kisiki kina mizizi mirefu tayari, na kwa mvua zetu hiyo ndiyo tofauti.

Jirani anajenga mita 20 kutoka bwawani. Inaruhusiwa? — *Msomaji, Mpwapwa*

Hapana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto au bwawa. Pelekeni suala kwa halmashauri ya kijiji kabla msingi haujamwagwa; ukuta ukishapanda, mazungumzo huwa ya fidia.