Je, Kujitenga na Waumini Ndiyo Salama ya Dini?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Nilihamia mji mwingine kwa ajili ya kazi, na kwa muda mrefu nimekuwa nikihudhuria msikitini, lakini imamu akishatoa salamu kila mtu hushika njia yake, wala hakuna anayenijua hata jina. Sasa ninaswali nyumbani na kusikiliza mawaidha kwenye simu. Ndugu mmoja ameniambia nisihuzunike, kwani katika zama hizi aliye salama ni aliyejifungia, na akanitolea Hadithi ya kondoo na vilele vya milima. Je, ni kweli?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Hadithi hiyo ni sahihi. Ameipokea Bukhari kutoka kwa Abu Said al-Khudri, kwamba utakaribia wakati ambapo mali bora ya Mwislamu itakuwa ni kondoo anaowafuata milimani, akiikimbiza dini yake kutokana na fitna, yaani majaribu yanayoitikisa dini. Alipokosea ndugu yako ni katika kuiteremsha kwa mtu asiyehusika nayo. Anayetajwa humo ni yule ambaye akibaki na watu dini yake itaangamia, ilhali wewe hukuona msikitini ila ubaridi wa watu, na ubaridi, ingawa unauma, haumpi mtu ruhusa ya kuwahama waumini. Hata vijana wa pangoni wanaotajwa katika Qur'ani, ambao fitna yao ilikuwa ya kweli, walikimbia wakiwa kundi. Na anayeshikilia kwamba Mtume (s.a.w.) alijitenga katika pango la Hira atazame alivyoishi baada ya kupewa utume: alipofika Madina, miongoni mwa mambo aliyoyatanguliza ni kujenga msikiti na kuunga udugu baina ya Muhajirina waliohama kutoka Makka na Ansari wenyeji wa Madina. Kisha yuko wapi huyu ndugu na Hadithi ya Ibn Umar, aliyoipokea Ibn Majah, kwamba muumini anayechanganyika na watu na kuyasubiri maudhi yao ana malipo makubwa kuliko asiyechanganyika nao wala kuyasubiri? Mtu akijisifia utulivu wa chumbani mwake, huwa hajajua bado kama ana subira, kwa sababu hajapata wa kumuudhi.

Mawaidha ya kwenye simu yana faida, nami siyakatazi. Ila mhadhiri unayemsikiliza hatajua siku ukiugua, wala hatalibeba jeneza lako. Kuhusu swala ya jamaa, maulamaa wamekhitilafiana katika hukumu yake kwa wanaume, lakini hawakukhitilafiana juu ya ubora wake, basi irudie.

Hata hivyo, huzuni yako ni ya haki, na lawama yangu kubwa naielekeza kwa jamaa wa msikiti huo. Katika zama za Mtume (s.a.w.) alikuwako mtu aliyekuwa akifagia msikiti, Mtume akamkosa, akamuulizia, akaambiwa amefariki. Akawauliza kwa nini hawakumjulisha, akaomba aonyeshwe kaburi, akamswalia. Msikiti ambao mtu anaweza kutoweka asiulizwe una deni kwa Hadithi hii, na maimamu wajue kwamba kuwauliza wageni majina yao ni sehemu ya kazi yao.

Kwa upande wako, usingoje kupokewa. Chagua swala moja, kama Alfajiri au Isha, uihudhurie kila siku, kwa maana wanaokuja wakati huo ni wachache na ni walewale, na baada ya nyiradi usiharakishe kuinuka. Omba kazi, hata iwe ya kufagia au kupanga misahafu, kwani wanaofanya kazi pamoja huzoeana bila kujilazimisha. Ukisikia mmoja wao ni mgonjwa, nenda kamzuru. Hiyo ni haki yake juu yako, hata kama hajawahi kukuamkia. Usitafute marafiki wengi. Sahaba Salman alipounganishwa udugu na sahaba mwenzake Abu Dardaa, alimtembelea nyumbani, akamkuta amezidisha ibada hadi kuidhulumu nafsi yake na mkewe, akamlazimisha kula na kulala, na Mtume (s.a.w.) akasema Salman amesema kweli. Mmoja wa namna hiyo anakutosha, na ukimpata, mwambie kwamba unampenda kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, maana Mtume (s.a.w.) aliliamrisha jambo hilo, nasi huliacha kwa haya.

Ukifanya hayo kwa muda wa kutosha na wasibadilike, hapana dhambi kuhamia msikiti mwingine.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.