Maswali ya wasomaji: Kondo la nyuma likikaa chini

SWALI: Nina mimba ya tatu, wiki 29. Mtoto wa pili nilijifungua kwa upasuaji. Skani ya wiki 20 ilionyesha kondo la nyuma limefunika mlango wa kizazi. Juma lililopita nilitoka damu kidogo bila maumivu, ikakata yenyewe. Mama mkwe anataka nilale kitandani mpaka nijifungue, lakini maji na shamba vinanisubiri mimi. Nifanye kazi gani, niache ipi? Na mtoto atazaliwa kabla ya wakati?
*Mama wa wawili, Koboko*

JIBU: Mama, tuanze na hiyo damu. Kama hukwenda hospitali kwa kuwa ilikata, nenda leo. Damu ya kwanza ya kondo lililokaa chini mara nyingi ni kidogo, nyekundu ya kung'aa, haiumi, na hukata bila dawa. Ya pili inaweza kujaza beseni.

Sababu yake ni hii. Kuanzia wiki ya 28 hivi, sehemu ya chini ya kizazi hutanuka na kuwa nyembamba. Kondo lililoshikamana hapo halitanuki pamoja nayo, kwa hiyo ukingo wake hubanduka na mishipa hubaki wazi. Damu hiyo nayo huchokoza misuli ya kizazi, tumbo likaanza kukaza. Likikaza, mlango unafunguka kidogo, na kondo linabanduka zaidi. Ndiyo maana wenye hali hii huzaa mapema kwa njia mbili: ama uchungu unaanza wenyewe, ama damu inakuwa nyingi mpaka daktari anaamua kupasua bila kungoja miezi itimie.

Mama mkwe anakutakia mema, ila kulala siku nzima hakujaonekana kuzuia damu hiyo. Kuna jambo kunakoleta: damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Tembea nyumbani, pika, keti ukichambua dodo (mchicha). Usichimbe kwa jembe wala kubeba kuni. Jerikeni ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, na kuinyanyua kutoka chini hukaza tumbo lote. Wape watoto wabebe za lita 5. Kusimama jikoni siku nzima bila kukaa, acha. Tumbo likianza kukaza, acha unachofanya, ulalie ubavu wa kushoto, na uanze kupiga simu ya usafiri.

Katazo lisilo na mjadala ni moja: kitu chochote kisiingie ukeni. Si vidole, si pamba, si dawa ya kusafisha. Hii inawahusu hata wahudumu wa afya. Ukifika kituoni unatoka damu, mkunga wa zamu asiyekujua huenda akataka kupima njia kwa vidole, na kidole kikipenya kondo damu hufunguka kama bomba. Kabla hujapanda kitandani sema: “Kondo langu limefunika mlango, usinipime kwa vidole.” Uandike hivyo hivyo kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la kitabu chako cha kliniki, na kundi lako la damu chini yake. Kama kundi lako ni la hasi (Rh-), kila ukitoka damu uliza sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto. Skani ya kuingiza kifaa ukeni ni jambo jingine: kifaa hakifiki ndani ya mlango, ni salama, tena hupima vizuri kuliko ile ya juu ya tumbo.

Dalili za uchungu wa mapema ni hizi: tumbo kukaza na kuachia kwa mpangilio, mgongo wa chini kuuma kwa mawimbi, kitu kukandamiza nyonga, au maji kutoka. Kwako wewe usingoje ziwe mbili, na usipime damu kwa pedi ngapi. Tone lolote ni safari. Pedi zilizotumika zitie mfukoni uende nazo, daktari akadirie ulichopoteza.

Safari ya wapi? Health Centre III (kituo cha afya cha ngazi ya tatu hapa Uganda) haina chumba cha upasuaji. IV inacho, lakini kwako haitoshi. Kondo lililokaa chini kwa mama aliyewahi kupasuliwa mara moja hujishika ndani ya kovu kwa takriban 11 katika kila 100, na likijishika hivyo halitoki, damu inamwagika kwa kasi. Kwa hiyo mpimaji wa skani mwulize neno hili: “Kondo liko juu ya kovu?” Upasuaji wako upangwe hospitali ya rufaa ya Arua, mjini ambako pia kuna benki ya damu ya kanda. Usipotoka damu tena, hufanywa kati ya wiki 36 na 37. Kuanzia wiki ya 34 tafuta ndugu wa kukaa naye mjini.

Mtoto akielekea kuzaliwa kabla ya wiki 34, kuna sindano za dexamethasone za kukomaza mapafu: miligramu 6 kila saa 12, mara nne, hospitalini penye huduma ya watoto njiti. Zinahitaji siku moja au mbili kufanya kazi, ndiyo faida ya kuwahi. Beba karatasi ya skani ya kwanza, kwani ndiyo inayotoa hesabu sahihi ya wiki.

Vidonge vya chuma usiviruke, na usivimeze na chai. Anayeingia chumba cha upasuaji na kipimo cha wingi wa damu (Hb) chini ya 11 ana akiba ndogo ya kupoteza.

SWALI: Mke wangu ana wiki 22, skani inasema kondo liko chini. Hajatoka damu. Tendo la ndoa je? Kondomu itasaidia?
*Mume, Jinja*

JIBU: Bwana, kwa wiki hizo kondo nyingi za chini hupanda kizazi kinapokua. Rudieni skani wiki ya 32. Ukingo ukiwa umefika milimita 20 au zaidi kutoka mlangoni, anaweza kuzaa kwa njia ya kawaida. Mpaka hapo ni busara kujizuia, na akitoka damu hata tone, ni marufuku. Kondomu huzuia shahawa tu, haizuii msukumo, wala kizazi kukaza anapofika kileleni.

SWALI: Bibi ananipa emmumbwa (udongo uliokandwa na mitishamba) ili njia ifunguke. Kondo langu limefunika mlango.
*Msomaji, Kampala*

JIBU: Mshukuru bibi, usinywe. Kwako hakuna njia ya kufunguliwa; mtoto atatoka kwa upasuaji. Baadhi ya mitishamba hukaza kizazi, na udongo wenyewe huzuia chuma kuingia mwilini.