Faiba ni kioo: itunze kama kioo

Katika duka langu la saiba hapa Kakamega, ambako watu huja kujaza fomu za kodi na kuchapisha vyeti, nilipoteza siku mbili za kazi kwa sababu ya meza. Niliisogeza hadi ukutani ili kupata nafasi ya viti, na jioni taa iliyoandikwa LOS (yaani, mwanga haufiki) kwenye kifaa cha faiba, intaneti inayokuja kwa kebo ya uzi wa kioo, ikaanza kumweka kwa rangi nyekundu.

Fundi alipofika, aliichomoa kebo nyembamba inayotoka kwenye kisanduku cha ukutani, akaimulika ndani kwa kifaa cha leza chenye umbo la kalamu, kisha akaniomba nizime taa za chumba. Nyuma ya mguu wa meza, pale kebo ilipokunjika kama karatasi, mwanga mwekundu ulikuwa ukivuja.

Ndani ya kebo hiyo mna uzi wa kioo usiozidi sana unene wa unywele, wenye kiini cha takriban maikromita 9 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambamo mwanga husafiri ukirudishwa ndani kila unapogonga ukuta wa kiini. Uzi ukipindwa mno, mwanga hugonga kwa pembe isiyofaa na kutoroka. Kwa hiyo, kona ya kebo isiwe finyu kuliko mdomo wa kikombe cha chai, wala usiibane kwa misumari.

Nyuzi za aina hii, zilizolazwa chini ya bahari hadi Mombasa mwaka 2009, ndizo zilizotupunguzia utegemezi wa setilaiti. Madaktari nao hutumia nyuzi za kioo kuangaza ndani ya tumbo.

Kwetu huku, ambako radi hupiga mara kwa mara, ninathamini zaidi kwamba kioo hakipitishi umeme. Hata hivyo, waya wa chuma unaobeba kebo nguzoni hupitisha, na kifaa chenyewe hutegemea soketi, kwa hiyo mawingu yakitanda ninakichomoa. Stima zikipotea, betri ndogo hutosha kukiendesha, mradi mwanga uendelee kufika.

Ninawasihi wenye watoto wasiwaruhusu kuchungulia ncha ya kebo: mwanga wa mawasiliano hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuyadhuru. Ncha ya kebo yangu ninaifunika kwa kifuniko chake kila inapochomolewa, na ziada ya kebo nimeizungusha duara pana, nikaifunga kwa utepe wa kitambaa juu kabisa, mbali na meza.