Picha za Ziwa, Ukuta wa Nani? Maswali Yenu Kuhusu Kuuza Picha Mtandaoni

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaopiga picha kuzunguka Ziwa Victoria, hapa Mwanza, na wanataka kuziuza zikiwa zimechapwa, tayari kwa kutundikwa ukutani, kwa wateja wanaowapata mtandaoni. Mengine nimeyafupisha. Majina nimeyaondoa, mitaa nimeibakiza.

Shikamoo mzee. Mimi natumia simu tu, sina kamera. Rafiki yangu anasema nisijidanganye, picha ya simu haichapiki kubwa. Ni kweli? (Kijana wa Nyegezi)

Marahaba. Rafiki yako amepitwa na wakati kidogo. Simu nyingi za sasa zinatoa picha ya megapikseli 12, yaani pikseli (vidoti vinavyounda picha) 4000 kwa 3000. Mashine ya kuchapa ikiweka nukta 300 kwa kila inchi, kipimo cha picha ya kutazamwa kwa karibu, hiyo inakupa kama sentimita 34 kwa 25. A4, karatasi ya kawaida ya ofisini, inaingia na nafasi inabaki. A3, mara mbili yake, ukishusha mpaka nukta 200 hakuna atakayelalamika. Hata A2, mara mbili ya A3, inawezekana kwa nukta 150, kwa sababu picha ya ukubwa huo hutazamwa ukiwa umekaa kwenye kochi upande wa pili wa sebule, siyo pua ikigusa kioo.

Kinachowaangusha wenye simu ni mambo mengine. La kwanza ni kuvuta kwa vidole. Ukimvuta mvuvi aliye mbali hadi ajae kwenye kioo, mara nyingi simu imekata tu kipande cha katikati na kukikuza, na zile pikseli 4000 hazipo tena. Msogelee, au mwache awe mdogo ndani ya ziwa kubwa, ambayo mara nyingi ndiyo picha nzuri zaidi. La pili ni kutumiana kwa WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, upande mrefu unabaki na pikseli 1600 hivi, na hiyo kwa nukta 300 ni sentimita 13 na nusu. Huo ni ukubwa wa postikadi. Fundi wa kuchapa mpelekee kwenye flashi, au tuma kama dokumenti, siyo kama picha. La tatu ni giza. Jua likishazama simu inabahatisha, na chembechembe ambazo hukuziona kwenye kioo kidogo zitatapakaa kwenye karatasi kama mchanga.

Kila mtu Mwanza ana picha ya Jiwe la Bismarck jua likizama. Mimi pia ninayo, tena nzuri. Nitamuuzia nani? (Dada wa Kirumba)

Swali hili ningependa kila mtu alianze nalo kabla ya kuuliza habari za tovuti. Dada, hiyo picha iweke kwenye orodha yako, itauzika moja moja kwa mgeni aliyepita pale Kamanga na anataka kumbukumbu. Ila usiitegemee ikulishe, maana mgeni huyo anaweza kuipiga mwenyewe kwa simu yake akiwa ufukweni.

Anayenunua picha iliyochapwa ana ukuta, na ana sababu ya kutaka kitu fulani pale. Sasa jiulize ni nani ana ukuta na anakumbuka ziwa. Kuna Mkerewe aliyehamia Dodoma kikazi. Kuna Msukuma aliyejenga Dar es Salaam na sebule yake imejaa maua ya plastiki kwa kukosa kitu cha kwao. Kuna daktari aliyefanya kazi hapa kisha akahamishwa. Hawa hawahitaji mawe ya kwenye kalenda. Wanataka dagaa walioanikwa, mawe ya Igombe, ngalawa zenye tanga, barabara ya kupanda Bugando, ngoma za Bulabo, sikukuu ya Wasukuma, kule Bujora. Mtu akiona picha akasema "hapa ndipo tulipokuwa tunachota maji", umeshauza.

Halafu kuna picha ambazo hakuna atakayezipiga tena. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 hivi. Wengi wamekimbilia kulipiga daraja, na ni sawa. Lakini kama una picha za zamani za kivuko kilichotumika kabla ya daraja, foleni ya malori upande wa Kigongo, kina mama wanaouza mahindi na samaki wa kukaanga madirishani mwa mabasi, hizo zitafute kwenye kadi zako leo. Vilevile karabai. Taa za sola zimeingia kwa wavuvi wengi wa dagaa, na zile taa za mafuta zenye mwanga wa njano zinapungua. Ukitaka mstari wa taa juu ya maji, nenda siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa hupumzika, utarudi na picha ya maji matupu.

Bei napangaje? Wenzangu wanauza A3 kwa shilingi 25,000. (Mpiga picha wa Igoma)

Wenzako wanauza karatasi, picha wanaigawa bure. Tuchukue mfano, tarakimu zako utabadilisha kulingana na fundi wako. Kuchapa A3 kwenye karatasi nzuri, 15,000. Bomba au bahasha ngumu ya kufungia, 4,000. Hapo una 19,000. Ongeza 2,000 ya makosa, kwa sababu katika kila picha kumi moja itaharibika, itajikunja au itarudishwa. Ongeza 9,000 ya muda wako wa kusahihisha rangi, kwenda kwa fundi na kurudi, pamoja na bando. Jumla 30,000, na bado hujalipwa hata senti moja kwa kuamka saa kumi na moja alfajiri kwenda Mwaloni, wanaposhusha samaki.

Ukiuza 60,000 unabaki na nusu. Watu watasema ni ghali. Sawa, lakini siku duka la zawadi au hoteli ikikubali kuiuza kwa niaba yako kwa makato ya asilimia 30, itachukua 18,000, utapata 42,000, faida 12,000. Ungekuwa umepanga 40,000, makato yangekuwa 12,000, ungebaki na 28,000, yaani umemlipa mteja 2,000 achukue picha yako. Bei ya mtandaoni na ya dukani iwe ileile, maana mteja atalinganisha tu.

Asiye na 60,000 mtengenezee postikadi au A5. Usimpunguzie A3.

Ninunue printa yangu? (Mwanafunzi wa SAUT)

Hapana. Wino usiotumika hukauka kwenye vichwa vya mashine, na umeme wa kwetu unaujua. Tafuta fundi mmoja mwenye mashine ya wino wa pigmenti, ambao haupauki haraka kama wino wa kawaida, mzoeane, na umpelekee karatasi unayoitaka wewe. Ukishakuwa na oda za kila wiki kwa miezi kadhaa mfululizo, niulize tena.

Picha yangu kwenye simu inawaka, ikichapwa inakuwa nyeusi na maji ya ziwa yanageuka kijani. Fundi anasema kosa ni la faili langu, mimi nasema ni la mashine yake. (Baba wa Buhongwa)

Nyote wawili mna haki kidogo. Kioo cha simu kinatoa mwanga, karatasi inauakisi tu. Shusha mwanga wa kioo mpaka nusu ndipo uhariri, kisha ongeza mwanga wa picha uzidi kidogo ule unaoona unafaa. Faili lihifadhi katika sRGB, ndiyo rangi ambayo mashine nyingi za mjini zinaielewa bila ugomvi. Na kabla ya kuchapa A2, chapa kipande cha ukubwa wa kiganja kwenye karatasi ileile, kipeleke nje kwenye mwanga wa mchana. Gharama ya kipande hicho ni ndogo kuliko ugomvi wenu.

Nilimpiga picha mvuvi pale Mwaloni Kirumba, nikaiweka mtandaoni, imependwa sana na watu watatu wanataka kuinunua. Sasa yeye amesikia, anataka mgawo. Je, ana haki? (Mama wa Pasiansi)

Mama, tuanze na sheria. Hakimiliki ya picha ni yako uliyepiga, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Lakini sura ni ya kwake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Kuiuza bila ridhaa yake ni kujitafutia kesi, hata kama alitabasamu ulipokuwa unapiga. Kutabasamu siyo kukubali kuuzwa.

Sheria tukiiweka kando, mimi nasema mpe. Nenda pale, msalimie, mpelekee nakala yake iliyochapwa (wengi hawajawahi kuwa na picha yao kubwa, na hilo peke yake hubadilisha mazungumzo), kisha mkubaliane kiasi kwa kila picha itakayouzwa. Andikeni kwa Kiswahili kwenye karatasi moja: picha ipi, itauzwa kwa namna gani, atapata nini, tarehe, sahihi au dole gumba, namba ya simu. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtu wake. Akikataa, picha haiuzwi, basi. Nimeona wapiga picha wakijitetea kwamba mwalo ni sehemu ya wazi. Mwalo ni sehemu ya kazi za watu, na wewe utarudi pale kesho ukitaka kupiga tena.

Kwa watoto usijaribu bila mzazi. Ukiingia Saanane, ambayo ni hifadhi ya taifa, na nia yako ni biashara, ulizia kibali kwa TANAPA kabla. Ndege isiyo na rubani nayo ina kibali chake, cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Nianze na tovuti au Instagram? Na malipo je? (Kaka wa Sengerema)

Anza na Instagram na WhatsApp Business, weka picha kumi na mbili tu, kila moja na ukubwa wake, bei yake na mahali ilipopigwa. Akaunti yenye picha mia nne inamchosha mtu, anaondoka bila kuchagua. Piga pia picha ya picha yenyewe ikiwa imetundikwa kwenye ukuta wa kweli juu ya kochi la kweli, maana mteja hajui A2 ni kubwa kiasi gani mpaka aione karibu na kitu anachokifahamu. Malipo chukua Lipa Namba, pesa iingie kabla hujachapa. Tovuti itakuja pale utakapochoka kujibu "bei gani" usiku wa manane.

Zipo kampuni za nje, kama Printful na Fine Art America, zinazochapa na kumtumia mteja zenyewe. Zinafaa kwa mnunuzi aliyeko Marekani au Ulaya. Kwa mnunuzi wa Dar, picha kuzunguka dunia ndipo irudi Kariakoo ni kichekesho cha gharama.

Picha zangu zinaibwa. (Nyakato)

Zitaibwa. Mtandaoni weka faili dogo, pikseli 1000 upande mrefu, lisilochapika vizuri, na faili kubwa libaki kwako. Jina kubwa katikati ya picha linamfukuza mteja kabla ya mwizi. Ukitaka ushahidi wa ziada, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanasajili kazi.

Mteja wa Dar amepokea picha imevunjika mikunjo. (Msomaji wa Mkolani)

Bahasha ya kaki ndiyo chanzo. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, nunua bomba la PVC la inchi 3, likatwe urefu unaozidi picha kwa sentimita 5, na vifuniko vyake. Picha ikunjwe mviringo sura ikitazama nje, ifunikwe karatasi laini, kisha nailoni kwa sababu ya unyevu, ndipo iingie. Posta wanapokea na mabasi wanapokea. Kwenye basi andika namba ya mpokeaji kwa kalamu isiyofutika juu ya bomba lenyewe, siyo kwenye stika. Fremu yenye kioo usisafirishe. Mteja atatengenezewa huko aliko, na mwambie fundi wake aweke kadi ya kutenganisha kioo na picha, vinginevyo joto na unyevu vitaigandisha picha kwenye kioo.

Hoteli moja ya Capri Point inataka picha 14 za vyumbani. Meneja anasema watalipa msimu ukiisha. Nikubali? (Dada wa Isamilo)

Usikubali hivyo. Mwambie kwa heshima kwamba fundi wako hakopeshi, na kweli hakopeshi. Omba nusu kabla ya kuchapa, nusu siku ya kukabidhi, na oda iwe kwenye karatasi yenye mhuri wa hoteli. Watakuomba risiti, kwa hiyo TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA na jina la biashara lililosajiliwa BRELA uwe navyo kabla ya kikao. Akishindwa malipo ya picha 14, mpe bei ya 4 za mapokezi, ambako wageni wote wanapita, na kila moja iwe na kikadi chenye jina lako na namba ya simu. Vyumba atavirudia mwenyewe.