Haibridi italipa au nibaki na IST yangu?

SWALI: Shikamoo anko. Naishi Uyole hapa Mbeya, kila siku naenda Mwanjelwa, wikiendi Tukuyu kwa wazazi, kwa mwezi kama kilomita 1,000 hivi. Nina IST, nataka niiuze niongeze milioni 4 nichukue Toyota Aqua ya haibridi, ile ya injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, watu wanasema haili mafuta kabisa. Itanilipa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuila inakula, ila kidogo. Tupige hesabu: IST yako tuseme inatembea kilomita 14 kwa lita, Aqua 20, hapo unatoka lita 71 unashuka mpaka 50, yaani umeokoa lita 21, na lita tukiiweka 3,000 ni 63,000 tu kwa mwezi. Sasa gawa hiyo milioni 4 kwa 63,000 uone, ni zaidi ya miaka mitano ndo hela yako irudi, na hapo betri kubwa ya ile mota haijakusumbua, maana ikifa ni hela ndefu na sio kila fundi anaigusa.

Haibridi inang'aa kwenye foleni, Mwanjelwa jioni utaifurahia, na ukishuka mteremko inajichaji ukikanyaga breki, ila kupanda kurudi injini inakamua kama kawaida. Ukiinunua, ile filta ya feni ya betri karibu na siti ya nyuma isafishe, vumbi linaiziba betri inachemka.

Mi ningebaki na IST, nikajaza upepo vizuri nikabadili plagi. Ungekuwa unapiga kilomita 3,000 kwa mwezi ningekwambia nunua hata kesho.