Galaxy S5 iliyorutiwa: kabla hujaweka LineageOS

Ndugu, unasema Galaxy S5 yako imesharutiwa (yaani umefunguliwa mamlaka kamili juu ya mfumo wake) na unauliza kama hiyo inatosha kuweka LineageOS, mfumo huria unaotokana na Android. Haitoshi, na kusema kweli ruti si lazima hata kidogo. Unachohitaji ni TWRP, programu ya kuweka mifumo mipya na kunakili data, unayoiingiza kwa Odin, programu ya kuandika faili kwenye simu za Samsung, kutoka kompyuta ya Windows.

Ila kwanza toa betri usome namba ya modeli iliyoandikwa chini yake. SM-G900F hutumia faili za LineageOS zenye jina klte. SM-G900H ina prosesa ya aina nyingine, Exynos, kwa hiyo faili hizo haziifai, ingawa kwa nje simu hizi ni mapacha. Ukiambiwa na fundi kwamba "S5 ni S5 tu", chukua simu yako uondoke.

Ukishaingia TWRP, nakili EFS, sehemu ya kumbukumbu ya simu, uihifadhi kwenye kompyuta. Humo ndimo ilimo IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Ikiharibika, laini haitashika mtandao. Halafu futa data yote (picha hamisha mapema), weka LineageOS 18.1, uwashe. Nembo itazunguka dakika kadhaa, usizime. Programu za benki huenda zikagoma.