Nashville peke yangu: nianzie wapi?

SWALI: Naenda Nashville peke yangu wikiendi moja kusikiliza muziki wa kantri. Bajeti ni ndogo. Nianzie wapi?

JIBU: Anza mchana Broadway, mtaa wa baa za muziki katikati ya jiji. Baa nyingi hazina kiingilio. Bendi huishi kwa kutunzwa, kwa hiyo beba noti ndogondogo za dola. Chukua pasipoti yenyewe, maana jioni baa nyingi huwazuia walio chini ya miaka 21.

Wageni wengi hukimbilia Ryman, ukumbi wa zamani wa katikati ya jiji, kuitafuta Grand Ole Opry, onyesho maarufu la redio la muziki wa kantri, kumbe ilihamia ukumbi wake mwaka 1974, mbali na katikati ya jiji. Tenga nauli ya kurudi usiku.

Bluebird Cafe, mkahawa mdogo wa muziki, usiikose kabisa: watunzi wa nyimbo huketi duara katikati ya wasikilizaji, na ukipiga soga utanyamazishwa. Viti havifiki 100, kwa hiyo weka nafasi mtandaoni mapema.